Shoti, Kunaswa na Kunasuliwa: Istilahi za Umeme na Mtandao Kati ya Njombe na Makambako

Mwezi Juni 2023 karatasi moja iliyochanwa katika daftari la shule ilisafiri kutoka Njombe hadi Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi, ikiwa mfukoni mwa kijana aliyetumwa dukani. Iliandikwa na fundi umeme wa Mjimwema, mjini Njombe, kwa ajili ya nyumba ya mama mmoja mjane aliyekuwa akitengeneza vyumba vitatu vya kulaza wageni. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyezoea kuandika akiwa amechutama, karatasi ikiwa juu ya goti. Ilisomeka hivi: meni swichi 1, breka 20, nne, breka 32 ya hita, ya kuzuia shoti, 1, waya 2.5 mwekundu na mweusi, roli moja moja; waya 6 wa hita, mita 20; soketi dabo 6; swichi gengi mbili 3; holda 8; globu 8; ethi rodi 1; selotepu nyeusi 2; hita ya kuogea 1; rauta 1 na waya wake mita 30.

Maandishi ya namna hii huandikwa kila siku katika miji hiyo miwili na hayahifadhiwi na mtu. Mwenye duka huyapigia alama, huyajumlisha upande wa nyuma, kisha huyafungia misumari. Lakini kwa mtu anayechunguza istilahi za Kiswahili, karatasi hiyo ni matini yenye thamani kubwa. Imeandikwa na mjuzi kwa mjuzi mwenzake, juu ya vitu ambavyo vikikosewa huua. Haina hata istilahi moja iliyoundwa na kamati, wala haina neno ambalo msomaji wake alishindwa kulielewa, isipokuwa moja. Neno hilo moja ndilo kiini cha makala haya, ila haliwezi kueleweka vizuri kabla ya kuyatazama yale mengine lililokaa nayo.

Jambo la kwanza linalojitokeza ni utohozi. Soketi, swichi, holda, hita, breka na rauta zimepewa irabu mwishoni na kuingizwa katika ngeli ya I-/ZI- bila mabishano yoyote. Waya umekwenda mbali zaidi: wasemaji wameuundia wingi wa nyaya, kana kwamba neno hilo lilizaliwa katika ngeli moja na uso na ufa, na leo mtu anayesema "nyaya zimeungua" hahisi hata kidogo kwamba anatumia neno la kuazima. Gengi ina kisa chake. Fundi anapoandika "swichi gengi mbili" ana maana ya kibao kimoja chenye swichi mbili. Neno genge, kwa maana ya kundi la vibarua na baadaye mahali pa kuuzia vyakula na mboga, lilikwishaingia zamani pamoja na kazi za reli na mashamba makubwa, nalo chimbuko lake laelekea kuwa lilelile. Mwenye duka wa Makambako anayenunua nyanya gengeni asubuhi na kuuza swichi za gengi mchana ametumia mkopo mmoja mara mbili, na hana sababu ya kulijua hilo. Mita nayo ni kipimo cha urefu na pia ni kile chombo cha kupimia umeme ukutani. Hakuna aliyewahi kukata vibaya waya wa "mita kumi kutoka kwenye mita" kwa sababu ya neno hilo.

Kijana aliyebeba karatasi alikuwa amemaliza kidato cha nne. Katika shule ya msingi, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili, alijifunza saketi, balbu na kipitishi. Katika sekondari alijifunza mambo hayohayo upya kwa Kiingereza. Karatasini hapakuwa na neno hata moja katika yale ya shule ya msingi: balbu ilikuwa globu, na saketi haikutajwa kabisa, kwani fundi haagizi saketi dukani, huagiza vitu vya kuitengenezea. Istilahi za shuleni ni nzuri na zimeundwa kwa uangalifu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi wa kazi hiyo, na kabla yake vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya BAKITA vilikwishafungua njia. Ila maisha ya istilahi hizo ni mafupi kwa jinsi elimu yenyewe ilivyopangwa. Mtoto huzipokea akiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, hana waya wala bisibisi mkononi, na huziacha mlangoni mwa kidato cha kwanza. Anapokuja kushika bisibisi, anayemfundisha majina ya vitu ni fundi, na fundi ana majina yake.

Majina hayo hayakuja yote kwa pamoja. Kongwe kuliko yote ni umeme, ambalo ni la Kiswahili chenyewe, jina la ule mwako wa angani. Nchini Kenya watu wengi walichukua stima, yaani mvuke, kwa nishati ileile. Tanzania ilibaki na mwako. Katika nyanda za Njombe, ambako mvua za Novemba hadi Aprili huja na radi kali, uteuzi huo umezaa utata ambao watu wa pwani hawausikii sana. Mtu akisema "umeme umempiga jirani" lazima aulizwe: wa mbinguni au wa nguzo? Wasemaji wamejitafutia dawa. Wa mbinguni umeachiwa radi, na wa nguzo umepewa shoti. Neno hili la mwisho liwekwe kando kwa sasa.

Umeme wa nguzo ulifika kwa vipande. Mtambo mdogo wa maji wa Uwemba, nje kidogo ya mji wa Njombe, wenye uwezo wa takriban kilowati 840, ulianza kazi mwaka 1991. Nguzo zenyewe ni za kwao: mikaratusi ya Njombe na Mufindi imebeba nyaya katika mikoa ambayo wakazi wake hawajawahi kuiona milima hii. (Hata miti ya miwati, ambayo kampuni ya Njombe iliipanda tangu mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake, ilikuja kuchomwa ili kuzalisha umeme, na hivyo miwati ikatoa wati.) Makambako, mahali ambapo reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 hukutana na barabara kuu ya Zambia na ile iendayo Songea, ilipata kazi nyingine ya njia panda. Ndipo ilipoanzia njia ya umeme ya msongo wa kilovolti 220 ya kilomita 250 hivi iliyofika Songea mwaka 2018, na kuutoa mji huo katika jenereta za dizeli. Kwa sababu hiyo wenyeji wa Makambako, wenye umeme na wasio nao, wanakijua kituo cha kupozea umeme.

Neno kupoza lastahili kutazamwa kwa kituo. Kwa mwalimu wa fizikia ni kero. Transfoma haipozi chochote. Hupunguza au huongeza msongo. Ubaya zaidi ni kwamba ndani ya transfoma kubwa mna mafuta ambayo kazi yake ni kupoza kwelikweli, yaani kuondoa joto katika koili. Mafuta hayo yamewahi kuibwa na wahalifu mara nyingi kiasi kwamba nayo yamekuwa na umaarufu wake magazetini. Hivyo chombo kimoja kina kupoza kuwili, kumoja kwa sitiari na kumoja kwa hakika, na mwanafunzi anayejibu katika mtihani kwamba transfoma hupunguza joto la umeme hajakosa kusikiliza. Amesikiliza vizuri mno.

Hata hivyo ni haraka kulihukumu neno hilo peke yake. Kupoza ni mwana wa ukoo. Taa huwashwa na kuzimwa, kama vile kibatari na koroboi zilivyowashwa na kuzimwa. Waya wenye umeme, katika kauli ya mafundi, una moto, na usio nao hauna moto. Umeme wa kutosha ni mkali. Globu huungua, hata pasipo moshi. Wasemaji waliupokea umeme kama aina ya moto, na wakaupa vitenzi vya moto vilivyokuwa tayari nyumbani. Kwa mantiki hiyo, umeme unaosafiri kutoka mbali ukiwa na ukali wa kuua lazima upozwe kabla ya kuingia sebuleni, kama uji unavyopozwa kabla ya kumlisha mtoto. Neno halielezi jinsi chombo kinavyofanya kazi, bali linaeleza kwa nini kipo na kwa nini mtu asikikaribie. Kwa mkulima wa viazi anayelima pembeni ya uzio wa kituo, maelezo ya pili yana faida kuliko ya kwanza.

Taasisi kwa upande wao ziliuona umeme kama maji: mkondo, njia, kuvuja. Msongo umo katika ukoo huohuo, kwa kuwa husonga na kusukuma. Maji ni karibu zaidi na fizikia, na baadhi ya istilahi za upande huu zimekuwa na bahati. Umeme wa njia moja na umeme wa njia tatu ni miongoni mwa istilahi bora kabisa katika uwanja huu. Mwenye mashine ya kusaga akienda kuomba umeme wa njia tatu anajua anachokiomba, anahesabu nyaya tatu kwa macho yake, na wala hahitaji kulijua neno fezi, ingawa mafundi hulitumia. Mashineumba, lililokusudiwa kuwa jina la transfoma, halikupata bahati hiyo. Magazeti huliandika na kisha kuongeza transfoma katika mabano, na wasomaji hukumbuka kilichomo kwenye mabano.

Akronimu zimefanya vizuri kuliko wengi walivyotarajia. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, imekwishakuwa nomino ya kawaida. Watu husema luku imeisha, nikopeshe luku, namba ya luku, na wasemaji vijana wengi hawajui kwamba ni kifupisho. UMETA, yaani Umeme Tayari, jina la kile kibao chenye swichi, soketi na vikata umeme kinachofungwa katika nyumba ndogo za vijijini pasipo kutandaza nyaya ukutani, inafuata njia hiyohiyo. Siri ya majina hayo mawili ni kwamba kila kimoja ni sentensi ya Kiswahili iliyofupishwa, si tafsiri ya jina la kigeni.

Kuhusu mtandao yapo machache ya kusema, na yote si ya kutisha. Rauta na waya wake viliwekwa mwisho wa karatasi, chini ya selotepu, kama kitu kilichokumbukwa mlangoni, kwa kuwa wageni wa siku hizi huulizia intaneti kabla ya kuulizia blanketi, hata Njombe mwezi wa Juni. Fundi aliyefundishwa kuvuta nyaya za umeme ndiye anayevuta na hizi, na amehamishia huku maneno ya kule. Umeme hukatika, na mtandao hukatika. Swichi ni ya taa, na swichi ni kile kisanduku chenye matundu mengi kinachogawa mtandao katika ofisi. Laini ni waya unaopita juu ya paa, ni kadi ya simu, na ni sifa ya kitambaa kisichokwaruza, ingawa hili la tatu lilikuja kutoka Uarabuni kwa njia yake lenyewe. Kipanga njia, jina ambalo simu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huipa rauta, ni tafsiri sahihi isiyosikika dukani. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na ambao sehemu ya nyuzi zake hupita juu ya njia za umeme, umepata jina lenye uzito, ijapokuwa magazeti yamekuwa yakiyumba kati ya mkongo na mkonga, na wapo wanaomwona tembo humo. Na mtandao wenyewe, kutokana na tanda, ni neno ambalo hata kamati isingeweza kuliboresha. Migongano hii ya maana haina madhara. Mtu akileta swichi ya taa badala ya swichi ya mtandao, anarudishwa dukani na wenzake wanacheka. Wanaisimu wanaoihangaikia wangefaa kuweka nguvu zao mahali pengine.

Mahali hapo ni shoti.

Mwenye duka, mzee mmoja Mkinga aliyeanza biashara kwa kuuza betri na tochi, aliisoma karatasi mpaka mstari wa tatu, akaweka kalamu chini na kumpigia simu fundi.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mzee."

"Hii breka umeandika ya kuzuia shoti. Unataka izuie shoti ipi? Ya kuunguza nyumba, au ya kunasa mtu?"

Fundi alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba anataka izuie zote.

"Basi breka si kitu chako," mzee alisema. "Breka haimjui mtu."

Katika maneno hayo machache mna somo zima la semantiki. Kiingereza kina maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, moja la nyaya mbili zinapogusana na mkondo kupita njia ya mkato, jingine la mwili unapopitiwa na umeme. Huenda yote mawili yalipoingia katika vinywa vya mafundi yaliangukia silabi zilezile, na huenda moja tu liliingia na kupanuka. Vyovyote iwavyo, matokeo ni neno moja lenye dhana mbili. "Nyumba imeungua kwa shoti" na "mtoto amepigwa shoti" ni sentensi za kila siku. Taarifa rasmi husema "hitilafu ya umeme" kwa lile la kwanza, na kwa kufanya hivyo hupunguza hata kile kidogo ambacho shoti ilikuwa inakieleza.

Utata wenyewe si kosa. Lugha zote huishi kwa maneno yenye dhana mbili na tatu, kama swichi na laini zilivyoonyesha. Tatizo ni kwamba shoti hizi mbili zina kinga mbili tofauti, na neno moja linamfanya mnunuzi aamini kwamba kinga ni moja. Breka ya 32 hukata pale mkondo unapozidi ampea 32. Nyaya zikigusana, mkondo hupanda ghafla kwa mamia ya ampea, breka hukata, na nyumba hupona. Lakini mtu aliyesimama bafuni miguu imelowa, akashika bomba la hita lenye hitilafu, hupitiwa na sehemu ndogo sana ya ampea moja. Kwa umeme wa nyumbani wa volti 230, miliampea 10 hivi zinatosha kuifanya misuli ya mkono ikaze na kushindwa kuachia, na miliampea 30 na kuendelea zinauhatarisha moyo. Ampea 32 ni miliampea 32,000. Mtu atakufa mara nyingi kabla breka haijaona kwamba kuna jambo. Ndiyo maana ya kauli ya mzee kwamba breka haimjui mtu.

Njombe si mahali pa kuyaacha haya yakae katika nadharia. Mji uko juu kiasi cha meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai barafu huonekana kwenye majani alfajiri. Hita ya kuogea, ile ndogo inayofungwa juu ya bomba la mvua bafuni, imeenea kwa wenye uwezo na katika nyumba za wageni. Huko Tanga au Lindi ni nadra mtu kuhitaji chombo kinachokutanisha umeme, maji na mwili uchi mahali pamoja. Huku ni hitaji la kila siku.

Kifaa kinachomjua mtu kipo, na mzee alikuwa nacho rafu ya nyuma. Hufanya kazi ya karani mwaminifu: hupima mkondo unaotoka kwa waya mmoja na unaorudi kwa waya wa pili, na vikitofautiana kwa miliampea 30, yaani kuna kiasi kinachovujia mahali pengine, pengine mwilini mwa mtu, hukata umeme katika muda usiozidi theluthi ya sekunde. Kina kitufe kidogo chenye herufi T cha kukijaribia. Kwenye boksi kimeandikwa herufi nne za Kiingereza zisizosomeka kama neno. Kwa Kiswahili cha Njombe na Makambako hakikuwa na jina, na kitu kisicho na jina hakiwezi kuandikwa kwenye karatasi ya kutumia mtoto dukani. Fundi hakukiagiza, na hakuwa mzembe. Aliandika "ya kuzuia shoti", akiamini kwamba amekwishaagiza kinga dhidi ya kila kinachoitwa shoti.

"Kinaitwaje?" fundi aliuliza.

"Wameandika maherufi," mzee alijibu. "Mimi kwangu ni ya kunasua. Mtu akinaswa, inamnasua."

Kauli hii ni sahihi kiisimu kuliko msemaji wake alivyodhani. Kiswahili kilikwishakuwa na neno la shoti ya pili, nalo hutumika kila wiki katika habari za ajali: kunaswa na umeme. Halikutungwa na kamati. Lilitungwa na watu waliomwona mwenzao ameshika waya na hawezi kuuachia, wakaona kinachofanana na ndege katika ulimbo au panya mtegoni. Fisiolojia inaafiki, kwa kuwa kukaza kwa misuli ndiko hasa kunakomnasa mtu. Na kitenzi nasa kina mwenzake tayari katika unyambuaji. Kiambishi cha kutendua kinachotupa fungua kutokana na funga, na zibua kutokana na ziba, kinatupa nasua kutokana na nasa. Neno hilo limo katika kamusi na katika kauli za wawindaji tangu zamani. Lilichokosa ni kupangiwa kazi katika uwanja wa umeme, na kazi hiyo ilikuwa ikilisubiri.

Hapa panahitajika kusemwa jambo juu ya desturi ya uundaji wa istilahi. Kwa miaka mingi kazi hiyo imeanza na orodha ya dhana kutoka katika kitabu cha Kiingereza, na kila dhana ikatafutiwa kisawe. Kwa utaratibu huo, dhana mbili za shoti zingepewa visawe viwili, pengine vizuri, katika kurasa mbili za mbalimbali zenye herufi tofauti, na hakuna ambaye angegundua kwamba kwa msemaji zimeungana. Orodha ya Kiingereza haionyeshi Kiswahili kimeunganisha nini. Kinachoonyesha ni karatasi za dukani. Aliyelisoma tatizo lile hakuwa mwanaisimu, bali mfanyabiashara aliyetakiwa kukabidhi kitu kimoja kwa neno lenye vitu viwili, na ambaye angeulizwa na majirani kama kingetokea kifo. Kupendekeza leo kwamba shoti libaki kwa nyaya zinazogusana na kunaswa liwe la mwili, si kuunda istilahi. Ni kuomba mgawanyo wa kazi kati ya maneno mawili ambayo kila msemaji anayo tayari. Juu ya nomino yenyewe mjadala uko wazi. Kinasua, kinasuo na kinasuzi yote yanawezekana kisarufi. Kinasuo lina sura ya kifaa, kama kifuniko na kizibo. Kinasuzi lina harufu ya kamati. Dukani hakuna hata moja kati ya hayo. Husema "ya kunasua", kwa kuiachia nomino ijifiche nyuma ya kihusishi, na kwa sasa hiyo inatosha.

Kazi ilikuwa bado kwa mama mwenye nyumba, maana kifaa kile bei yake si ya breka. Fundi alimwendea jioni, akamkuta jikoni akimenya viazi.

"Mwanangu, si ulisema breka inazuia shoti?" mama aliuliza. "Sasa hii nyingine ya nini?"

"Ile inazuia ya kuunguza nyumba, mama. Hii ni ya kumnasua mtu akinaswa bafuni."

"Kwa hiyo ile ya kwanza nyumba inabaki, mimi nimekufa."

"Ndivyo, mama."

Mama alicheka, akaendelea kumenya, na baada ya kiazi cha pili akamwambia akachukue hela asubuhi. Ni vigumu kuona jinsi mazungumzo hayo yangekwenda kwa kutumia shoti peke yake. Fundi angebaki na "breka nyingine ya kuzuia shoti", na mama angekuwa na haki ya kuona kwamba anaibiwa, hasa katika miji ambako vishoka, wale mafundi wasio na leseni, wamewafanya wenye nyumba wamtilie shaka kila anayeongeza kitu kwenye hesabu.

Limebaki neno ethi. Katika karatasi ile ethi rodi iliwekwa chini ya globu, na waya wa kijani wa kuifikia haukuandikwa kabisa. Fundi alikuwa na kipande kilichobaki kazi nyingine, kifupi. Hapo ndipo wenye nyumba wengi hukata gharama, na jina linawaruhusu. Ethi haisemi kitu kwa asiyejua Kiingereza. Ni waya usiowasha taa, usiopeleka moto popote, na unaoishia kwenye chuma kilichozikwa nje. Lakini Kiswahili kina ardhi, ambayo kwa bahati tu imelingana kwa sauti na lile la Kiingereza, na waya wa ardhi ni maelezo kamili: unaupa umeme uliopotea njia ya kwenda ardhini kabla haujapata njia ya kupita kwa mtu. Mama alipouliza ule wa kijani unakwenda wapi, fundi alisema ardhini, na hakuulizwa tena. Rodi aliichimbia pale maji ya jikoni yanapomwagwa, kwa kuwa Juni udongo wa Njombe huwa mkavu, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri.

Siku ya kukabidhi nyumba, mama aliambiwa abonyeze kile kitufe cha T kila mwezi. Alikibonyeza papo hapo na nyumba nzima ikawa giza, rauta ikazimika pamoja na taa, na mgeni wa kwanza akatoka chumbani kuuliza kama mtandao umekatika.

Mwezi Septemba kijana yuleyule alikwenda tena Makambako na karatasi nyingine ya fundi yuleyule, ya nyumba nyingine. Mistari mitatu ilikuwa imebadilika: breka 32 ya shoti, 1, ya kunasua, 1, waya wa ardhi, kijani, mita 20. Mzee aliijaza bila kupiga simu. Rodi yenyewe fundi alikuwa ameiacha ilivyokuwa: ethi rodi 1.